Mwanangu Anauliza "Kwa Nini": Maswali ya Wazazi Kuhusu Katekesi ya Nyumbani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wazazi na walezi wa watoto wa miaka 11 hadi 14. Ni umri wa katikati: Komunyo ya kwanza wameshapokea, Kipaimara bado au kinakaribia, na majibu yaliyowatosha jana leo hayawatoshi. Tumechagua barua saba.

Tumsifu Yesu Kristo. Binti yangu ana miaka 12. Kila Jumamosi nakaa naye saa nzima na katekisimu: mimi nasoma swali, yeye anatoa jibu. Yote anayajua kwa moyo, lakini nikibadili maneno ya swali ananitazama tu. Mimi si katekista. Nakosea wapi? – Mama wa Binti

Milele na milele. Amina. Mama, kukariri si kosa, na usikuache. Tatizo ni kuishia hapo. Mtoto wa miaka 8 anauliza "nini?" Akifika 12 anauliza "kwa nini?" na "umejuaje?" Ukiendelea kumpa majibu ya "nini" pekee, kichwa kinajaa huku swali lake halijaguswa. Na hilo la kutokuwa katekista lisikutie unyonge: kanoni ya 774 ya Sheria ya Kanisa inawataja wazazi mbele ya wengine wote katika wajibu wa kuwalea watoto katika imani, kwa neno na kwa mfano. Katekista ni msaidizi wako.

Kwanza, punguza muda. Dakika 35 kwa wiki zinatosha, pamoja na dakika 10 za sala na marudio kila jioni. Zigawe hivi: sala dakika 2, kurudia somo lililopita 5, kusoma Maandiko 10, fundisho lenyewe 10, mtoto kueleza kwa maneno yake 5, kuandika kwenye daftari 3. Saa nzima ya kukaa inamchosha hata mtu mzima, na mtoto aliyechoka hujifunza jambo moja tu, kwamba dini inachosha.

Pili, geuza mpangilio: Maandiko yatangulie, katekisimu ifuate. Tuseme somo ni Ekaristi. Fungua Kutoka sura ya 16, asome mwenyewe kwa sauti. Waisraeli wana njaa jangwani, asubuhi wanaona kitu chembamba kimetanda juu ya ardhi, wanaulizana, "Nini hiki?" Mwonyeshe kwamba jina la mana linatokana na swali hilo. Kisha umwulize: waliojiwekea akiba hadi kesho yake walikuta nini? Atasoma tena na kukuta mabuu na uvundo. Mbona basi akiba ya siku ya sita, waliyokusanya maradufu, haikuoza? Hapo nyamaza. Sekunde 20 za ukimya zitakuwasha ulimi, lakini ndizo anazofikiria. Ukilijibu swali lako mwenyewe mara tatu mfululizo, ya nne hatajisumbua kujibu.

Sasa nendeni Yohane sura ya 6, kuanzia aya ya 48. Yesu anasema baba zao walikula mana wakafa, na kwamba mkate atakaotoa yeye ni mwili wake. Aya ya 52 wasikilizaji wanabishana. Aya ya 66 wengi wanaondoka. Mwulize binti: je, Yesu aliwakimbilia akawaambia wangoje, kwamba ulikuwa mfano tu wa maneno? Atafute mwenyewe. Atakuta kwamba Yesu aliwageukia wale Kumi na Wawili, akawauliza kama nao wanataka kwenda zao. Baada ya hapo ndipo ufungue katekisimu na kusoma habari ya mageuzo: maumbo ya mkate na divai yanabaki, yaani rangi, ladha na uzito, lakini kilichopo ni Kristo mzima, mwili na damu, roho na umungu wake. Jibu alilolikariri tangu zamani sasa limepata mahali pa kukaa.

Mwishoni usimwulize "Umeelewa?" Atasema ndiyo, kila mtoto husema ndiyo. Mwambie aeleze kana kwamba anamweleza mtoto wa miaka 7. Pale atakapokwama ndipo pa kuanzia wiki ijayo.

Kwa mpango wa muda mrefu, fuata mgongo wa Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992. Ina sehemu nne: Kanuni ya Imani, Sakramenti, maisha katika Kristo (humo zimo Amri Kumi), na sala. Muhtasari wake wa mwaka 2005 una maswali 598 yenye majibu mafupi, na ndio unaomfaa mzazi asiye na muda. Mwaka wa kwanza shika Kanuni ya Imani, wa pili Sakramenti, wa tatu Amri na sala. Panga vipindi 36 kwa mwaka, lakini vinne uviache bila somo, kwa sababu kuugua, mitihani na wageni vitakuja tu. Biblia iwe yenye vitabu vyote 73, 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Angalia orodha ya mwanzoni: pasipo na Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na vitabu viwili vya Wamakabayo, hiyo imepungua.

Kukariri nako kuna ufundi. Andika kila jambo kwenye kadi, aikariri leo, airudie kesho, kisha siku ya nne, ya saba, na baada ya mwezi. Kurudia mara kumi kwa siku moja hufutika upesi. Anza na vipaji saba vya Roho Mtakatifu (hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu), halafu sakramenti saba, Amri Kumi, matendo ya huruma 14, na mafumbo 20 ya Rozari.

Jambo la mwisho, nalo huharibu vipindi vingi vizuri: usikigeuze kipindi kuwa baraza la kesi. Siku ya Amri ya Nne (waheshimu baba na mama) ikawa siku ya kumkumbusha vyombo ambavyo hakuosha, basi umeifunga amri hiyo kwa muda mrefu. Makosa ya nyumbani yaongeeni saa nyingine.

Nilimfundisha mwanangu Utatu Mtakatifu kwa mfano wa maji: barafu, maji na mvuke, vitatu lakini kitu kimoja. Aliupenda sana. Katekista ameniambia mfano huo una kasoro. Kasoro gani? – Baba wa Wavulana Wawili

Katekista wako yuko sahihi, baba, na usijilaumu, maana mfano huo umeenea kila mahali. Maji yale yale huwa barafu, kisha maji, kisha mvuke. Ni kitu kimoja kinachobadilisha sura kwa zamu. Hivyo ndivyo alivyofundisha Sabelius katika karne ya 3, kwamba Mungu ni mmoja anayejidhihirisha kwa namna tatu, na Kanisa likakataa. Mfano wa yai, ganda, ute na kiini, unaangukia upande wa pili: kila sehemu ni kipande tu cha yai, wakati Baba si theluthi ya Mungu. Kila Nafsi ni Mungu mzima.

Jambo hili lianzie mtoni Yordani, Mathayo 3:16-17. Mwana anapanda kutoka majini, Roho anashuka kama njiwa, sauti ya Baba inasikika. Wote watatu kwa wakati mmoja. Mtoto ataona mwenyewe kwa nini maji na mvuke havitoshi. Kisha mpe maswali mawili ya kushika maishani: Mungu ni nini, na Mungu ni nani? Ukiuliza "nini", jibu ni moja: umungu mmoja. Ukiuliza "nani", majibu ni matatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mwoneshe pia kwamba tunabatizwa "kwa jina", si "kwa majina".

Akiuliza kama Mwana aliumbwa, umefika penye mgogoro wa Ario, padre aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa, uliojibiwa na mkutano wa maaskofu, Mtaguso wa Nikea, mwaka 325. Jibu analitamka kila Dominika: "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Seremala akitengeneza kiti, kiti si mtu. Seremala akizaa, amezaa mtu kama yeye. Mfano huu nao una mpaka, kwani Mwana azaliwa na Baba tangu milele, hakuna wakati ambapo hakuwapo. Mwambie mpaka huo waziwazi. Mtoto wa miaka 13 anaweza kabisa kubeba mfano pamoja na kasoro yake.

Mwanangu ametimiza miaka 14. Je, afunge Kwaresima? – Mlezi

Kuna mambo mawili hapa, na watu huyachanganya. Kujinyima nyama kunamfunga aliyetimiza miaka 14, kwa hiyo sasa kunamhusu. Kufunga chakula, yaani mlo kamili mmoja kwa siku, kunawafunga waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, nako ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mtoto anayekua asilazimishwe kukaa na njaa. Wadogo wake nao wasiachwe pembeni: sheria hiyohiyo inawataka wazazi wawafundishe maana ya toba, na kwa wengi wao kuacha simu jioni moja ni sadaka kubwa kuliko kuacha nyama. Kuhusu Ijumaa nyingine za mwaka, mwulizeni paroko utaratibu uliowekwa na maaskofu wenu.

Kijana wangu wa miaka 13 amerudi kutoka shule akisema sayansi imethibitisha kwamba kitabu cha Mwanzo ni hadithi. Nilimkemea, sasa haulizi tena. – Mama Mwenye Wasiwasi

Mama, rudi kwake leo umwambie, "Swali lako lilikuwa zuri, nilipaswa kulisikiliza." Kuomba radhi huko kutafanya kazi kubwa kuliko masomo matatu.

Halafu mpe karatasi, agawe safu mbili. Kushoto aandike siku ya 1, 2 na 3 za Mwanzo sura ya 1. Kulia siku ya 4, 5 na 6. Siku ya kwanza nuru inatengwa na giza. Mkabala wake, siku ya nne, jua, mwezi na nyota. Ya pili anga na maji. Ya tano ndege na samaki. Ya tatu nchi kavu na mimea; ya sita wanyama na mtu. Upande mmoja ni makazi, upande wa pili ni wakazi. Mwulize: nuru imetokea siku ya kwanza na jua siku ya nne, je, mwandishi hakujua mchana unaletwa na jua? Alijua, kama mkulima yeyote. Ataona mwenyewe kwamba mwandishi anapanga maana: kila kitu kimetoka kwa Mungu mmoja, ni chema, na jua na mwezi ambavyo majirani wa Israeli waliviabudu ni taa tu. Sura ya 2 inaeleza kwa mpangilio mwingine, mtu akitangulia wanyama, na aliyeziweka sura hizo mbili pamoja hakuona haya.

Mweleze kile ambacho Kanisa linakishika kwa dhati: Mungu ameumba vyote bila kutumia kitu chochote kilichokuwapo; roho ya kila mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja; na wazazi wetu wa kwanza walianguka dhambini. Kuhusu asili ya mwili wa binadamu, Papa Pius XII aliruhusu mwaka 1950 wataalamu waichunguze nadharia ya mageuko ya viumbe. Aliyependekeza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na baadaye kwamba ulianza kutoka hali ndogo iliyosongamana, ni Georges Lemaître, padre Mbelgiji. Aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere ni Gregor Mendel, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino.

Akikutajia Galileo, mwanasayansi aliyetetea kwamba dunia huzunguka jua, usimfiche. Alihukumiwa mwaka 1633, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba waamuzi wake walikosea. Kijana anayeambiwa ukweli huu na mzazi wake hatashtuka akiusikia kwa mwingine. Jihadhari pia na hoja ya "sayansi haijui hili, kwa hiyo ni Mungu". Siku sayansi ikijua, atadhani Mungu amepunguka.

Binti yangu wa miaka 13 alikuwa akiungama kila mwezi. Sasa ni mwezi wa tano anatafuta visingizio. Nikimwuliza, analia. – Mama

Pole, mama. Katika umri huu sababu kubwa ni aibu, na mara nyingi aibu hiyo ni ya Amri ya Sita (usizini): jambo aliloliona kwenye simu, au linalohusu mwili wake unaobadilika. Anadhani ni yeye peke yake duniani, na anadhani padre atamkumbuka kwa hilo.

Usimwulize dhambi ni ipi. Badala yake mweleze mambo matatu, mkiwa wawili tu, ikiwezekana mkitembea au mkifanya kazi, asilazimike kukutazama usoni. La kwanza, muhuri wa kitubio: padre haruhusiwi kufichua alichokisikia, kwa neno wala kwa ishara, hata kwa mzazi, hata kwa kutishiwa maisha, na akiuvunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo. La pili, anaweza kuungama kwa padre asiyemfahamu, na nyuma ya kizuizi kisichoonyesha uso. Mpeleke parokia nyingine kama ni lazima. La tatu, mpe sentensi ya kutumia, kwa sababu wengi wanakwama kwa kukosa maneno: "Padre, kuna jambo ninaona aibu kulisema, nisaidie." Padre atamwuliza taratibu, naye atajibu ndiyo au hapana.

Mfundishe pia kupima. Dhambi ya mauti inataka mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, ajue kwamba ni zito, na alikubali kwa hiari kamili. Wazo lililopita kichwani bila kulikaribisha si dhambi. Watoto waangalifu huteseka sana kwa kutokujua hili. Dhambi za mauti huungamwa kwa aina na idadi, kadiri anavyokumbuka, bila masimulizi marefu. Akisahau moja kwa bahati mbaya, imesamehewa pamoja na nyingine, ataitaja safari ijayo. Akiificha kwa makusudi, ungamo lote ni batili, na hapo ndipo mtoto huanza kukimbia kitubio, kwani kila mara anarudi nyumbani na mzigo wake.

Kabla ya kwenda, dakika 10 za kutafiti dhamiri zinatosha, akiwa na karatasi yake mwenyewe. Karatasi hiyo usiiguse. Akirudi aichane. Sala ya kutubu aijue vizuri, "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako", lakini akisahau katikati padre atamsaidia. Malipizi aliyopewa usimwulize. Mkitoka, nawe uwe umeungama: mzazi anayebaki kwenye benchi akimsubiri mtoto anamfundisha kwamba sakramenti hii ni ya wadogo.

Ila akilia kwa namna inayokutia shaka, au akimwogopa mtu fulani mzima, hapo si suala la kitubio. Msikilize, mwamini, na umlinde kwanza.

Je, naweza kuwa msimamizi wa Kipaimara wa mwanangu? – Baba

Hapana, baba. Baba na mama hawawezi kuwa wasimamizi. Chagueni Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, mwenye Kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake. Kanisa linapendekeza awe yule aliyemsimamia Ubatizo. Msitafute mtu wa heshima ambaye mtoto hataonana naye tena, bali yule anayeweza kumpigia simu mara moja kwa mwezi na kumwuliza anasali vipi.

Mjukuu wangu ananiambia, "Babu, Misa inachosha." Nimjibu nini? – Babu

Shikamoo, babu. Mjibu, "Nieleze ni sehemu gani." Mara nyingi mtoto anachoka kwa kutokujua anachokiona, na hilo linatibika.

Jumamosi jioni someni pamoja somo la kwanza na Injili, dakika 15. Katika Dominika za kawaida somo la kwanza limechaguliwa lilingane na Injili, kwa hiyo kazi yake ni kutafuta kinachoyaunganisha. Somo la pili huenda njia yake, asihangaike nalo. Kujua Injili ya mwaka, gawanya mwaka kwa 3: likibaki 1 ni mwaka A, Mathayo, likibaki 2 ni B, Marko, pasipobaki kitu ni C, Luka. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa unaanza Majilio, wiki chache kabla ya Januari. Na katika mwaka B, Dominika ya 17 hadi ya 21, husomwa Yohane sura ya 6: muda mzuri wa somo lile la mana tulilomweleza mama hapo juu.

Dominika kaeni mbele, benchi za kwanza. Nyuma mtoto anaona migongo tu. Mpe kitu kimoja cha kutazama kila wiki: padre anavyotia tone la maji katika divai; mikono inavyonyoshwa juu ya vipaji, yaani mkate na divai, kumwomba Roho Mtakatifu ashuke; Hostia inavyomegwa na kipande kidogo kutiwa kalisini; siku mbili tu kwa mwaka ambapo vazi la juu la padre linaweza kuwa la waridi, Dominika ya 3 ya Majilio na ya 4 ya Kwaresima. Wakati wa matoleo aweke altareni, kimoyomoyo, jambo moja la wiki yake kwa jina: mtihani, rafiki waliyegombana, mgonjwa. Mkirudi mwulize ameona nini, kabla ya kumwuliza padre amehubiri nini.

Na mfike dakika 10 mapema, babu. Anayeingia wakati wa Injili amekosa toba, Utukufu na somo la kwanza, na saa inayobaki huonekana ndefu zaidi kwa sababu haina mwanzo.